Mtahiniwa Namba Saba

4 Juni

Mwanangu,

Pokea salamu za mama yako mkubwa. Sijambo, ila goti la kushoto limeamua kustaafu kabla ya mwenzake. Paka amezaa tena, safari hii ndani ya kabati la mitihani ya zamani, na nimemwacha kwa sababu sijaona matumizi bora ya mitihani ile. Natumaini nawe u mzima, na kwamba huko barabarani unakula chakula cha moto.

Sasa nije kwenye lililonikalisha mezani. Nimestaafu kweli, nimepewa saa ya ukutani na hotuba mbili. Nyumba ya shule natakiwa kuiachia tarehe thelathini Novemba. Atakayehamia ni mwalimu mpya wa jiografia, na ameshakuja na mkewe mara tatu kupima madirisha kwa ajili ya mapazia. Mara ya tatu niliwauliza kama madirisha huwa yanakua.

Nimefundisha miaka thelathini na sita, na miaka yote hiyo nimelala nilipopangiwa. Hata rangi ya mlango sijawahi kuchagua. Safari hii nataka kuchagua mwenyewe, mwanangu, na nataka nisikosee, maana kwa umri wangu mtu hahami mara mbili.

Wewe kazi yako ni kukagua mizani ya masoko, leo mji huu, kesho ule. Basi kila unapopita nitazamie nyumba ya kupanga na uniandikie. Maji na utulivu nimevipa alama ishirini ishirini. Soko, majirani na hewa, kumi na tano kila kimoja. Zahanati kumi. Tano za mwisho ni za mlango mzuri, kwa sababu napenda mlango mzuri na sioni aibu. Kufaulu ni sabini.

Usiandike jina la mji, wala la mtaa, wala la mwenye nyumba. Andika namba ya mtahiniwa. Nimesahihisha mitihani ya taifa miaka ishirini na miwili, na nakwambia jina ndilo linaloharibu macho. Ukisikia jina la mji tu, unaanza kukumbuka nani alikukosea huko. Nikishaweka alama na kusaini, imekwisha, habadilishi mtu, hata mimi. Na usinipigie simu. Simu haina pambizo la kusahihishia.

Mama yako usimweleze habari hizi. Kama hajambo, vizuri.

Mama yako mkubwa

23 Juni

Shikamoo Mama Mkubwa,

Barua yako imenikuta natoka kugombana na muuza nyama ambaye jiwe lake la kilo lilikuwa limetobolewa kwa chini kwa ustadi wa hali ya juu. Mimi mzima. Mama hajambo. Goti lipe pole.

Nitaifanya kazi yako kwa moyo wote, ila niruhusu neno moja kabla sijaanza. Mama ana vyumba viwili vya uani, vitupu. Mnaelewa wenyewe kilichowatenga. Mimi nilikuwa mafunzoni mwaka ule, nikarudi nikakuta dada wawili hawasemezani, na kila niliyemuuliza aliniambia nile kwanza. Ni miaka kumi na moja sasa. Nimeshiba, Mama Mkubwa. Kwa nini usije kwetu?

Kama jibu ni hapana, huyu hapa mtahiniwa wa kwanza. Maji yapo usiku na mchana, kwa sababu bomba limepasuka mbele ya mlango na halmashauri haijafika. Utulivu upo mpaka saa moja asubuhi, anapofungua kazi fundi wa kuchomelea mageti. Soko ni zuri sana, mizani kumi na nne, kumi na mbili halali. Mlango sikuuona kwa sababu ya maji.

Mwanao

9 Julai

Mwanangu,

Salamu. Goti limepokea pole yako na halikubadilika. Watoto wa paka wamefungua macho.

Jibu ni hapana. Sitaki liulizwe tena.

Mtahiniwa wa kwanza amepata ishirini na nane. Tena umejibu swali ambalo halikuulizwa. Niliuliza kama soko liko karibu, wewe umenijibu kama soko ni la kweli. Soma swali, mwanangu. Wengi hufeli kwa kutosoma swali, si kwa ujinga.

Mke wa mwalimu wa jiografia amekuja na kipande cha kitambaa akakishika dirishani kwangu, akaniuliza ninaonaje. Nikamwambia naona giza.

Mama yako mkubwa

2 Agosti

Shikamoo Mama Mkubwa,

Nimepokea barua yangu uliyoirudisha ikiwa nyekundu kwa masahihisho. Mwenzangu wa ofisini aliiona mezani akanipa pole, alidhani nimeandikiwa onyo na idara.

Mama hajambo. Juzi amenishonea shati la kazini. Mkono mmoja umekaa upande wa pili, lakini hajambo kabisa.

Nimekusanya watahiniwa watano kwa mkupuo, kwa kuwa ulisema nisome swali. Namba Mbili ana hewa ya baridi, soko karibu, majirani wapole. Maji yanapanda na punda, na punda ni mmoja. Namba Tatu ana kila kitu, ila ukuta wa pili ni bendi ya tarumbeta inayojifunza. Nilisikiliza saa nzima, bado wako kwenye mstari wa kwanza. Namba Nne, nyumba ni nzuri, lakini mwenye nyumba aliniuliza mpangaji ana umri gani, nikamwambia, akaniuliza kama ana ugonjwa wowote, halafu akaniuliza kama ana mpango wa kupata mmoja. Nimemwandikia sifuri mimi mwenyewe, unisamehe. Namba Tano, majirani wanapendana mno. Kila alfajiri wanagongeana milango kujuliana hali, wote, nyumba kwa nyumba. Namba Sita, zahanati iko hatua ishirini mbele na duka la majeneza hatua thelathini nyuma, kwa hiyo huduma zote zimekamilika.

Mwanao mkaguzi

14 Agosti

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, zangu nakutumia pamoja na alama. Namba Mbili sitini na moja. Kaza uzi, alikaribia. Tatu arobaini. Nne nimeuthibitisha uamuzi wako. Tano, majirani wa namna hiyo ni wa kupungiwa mkono kutoka mbali. Sita nimecheka, kisha nikampa hamsini na tano, kisha nikaacha kucheka.

Usiku huwa nazihesabu siku, sitakuficha. Nimefunga vitabu katika maboksi tisa na sijui niandike anwani gani juu yake. Mwalimu wa jiografia ameanza kuniita “bibi” kwa upole, na upole wake unaniudhi kuliko vipimo vyake.

Kuna jambo halijanikaa. Mama yako ni fundi cherehani, miaka thelathini kazini, hashoni mkono upande wa pili. Alikuwa na usingizi?

Mama yako mkubwa

27 Agosti

Shikamoo Mama Mkubwa,

Mama hajambo. Mkono wa shati ulikuwa mtindo mpya.

Leo nina mtahiniwa mmoja tu, Namba Saba, na nimemwandika kama ulivyonifundisha, swali kwa swali. Nyumba sijui kama umewahi kuiona, sidhani. Bomba liko uani, linatoa kila siku isipokuwa Jumanne. Kuna sauti ya kazi mchana, haiumizi kichwa, na jioni kimya mpaka unasikia maji yakichemka kwa jirani. Soko dakika sita kwa goti zima, kumi kwa lako. Mizani sitaji. Upepo unaingia kwa mbele na kutokea uani. Zahanati iko mbali kidogo, ila njia ni tambarare.

Majirani. Mwenye nyumba anaishi peke yake upande wa mbele. Ni mjane, anaishi kwa kazi ya mikono yake. Asubuhi hasemi mpaka amalize chai. Akiudhika haongei, anafua. Nimeona siku amefua mpaka mapazia. Ukimwambia jambo la siri, hata wewe mwenyewe ukilisahau yeye hatakukumbusha.

Mlango ni wa mbao nzito, wa kijani. Nilisimama mbele yake nikasema huu mlango una mtu wake.

Mwanao

6 Septemba

Mwanangu,

Salamu, na hongera. Hii ndiyo barua ya kwanza uliyoandika kama mtu aliyesomeshwa.

Mtahiniwa Namba Saba: maji kumi na sita (hiyo Jumanne nimeikata), utulivu kumi na nne, soko kumi na tatu, majirani kumi na nne, hewa kumi na mbili, zahanati saba, mlango tano juu ya tano. Jumla themanini na moja. Amefaulu.

Mwenye nyumba huyo nimempenda bila kumwona. Mtu anayefua akiudhika hawezi kuwa mtu mbaya, na asiyesema kabla ya chai ana akili timamu. Kumi na nne nimempa kwa ajili yake. Ile moja nimebakiza kwa heshima ya mtihani.

Nimesaini, na paka ameshuhudia. Mpe taarifa kwamba naingia mwisho wa Novemba. Sasa waweza kufungua bahasha na kunitajia: ni wapi, na ni nani?

Mama yako mkubwa, ambaye leo amelala vizuri

14 Septemba

Shikamoo Mama Mkubwa,

Kaa chini kwanza.

Ni kwetu. Ni mama. Ni vile vyumba viwili vya uani nilivyokutajia Juni ukaninyamazisha. Nyumba hii alihamia miaka minane iliyopita, ndiyo maana hukuijua. Sikuongeza neno la uongo, na majina ulinikataza mwenyewe. Na ulisema ukishasaini habadilishi mtu, hata wewe.

Naomba usirarue barua hii.

Mwanao

19 Septemba

Bwana Mkaguzi,

Mtahini amedanganywa. Mtihani umefutwa.

25 Oktoba

Shikamoo Mama Mkubwa,

Wiki tano sijapata barua yako, hata nyekundu. Nimeandika mara mbili nikachana. Bado mwezi mmoja na siku chache na sijui utalala wapi tarehe moja Desemba, na wewe pia hujui, ila hutaki kusema.

Basi nianze mimi. Nimekuandikia “mama hajambo” mara tatu, na mara zote tatu nimekudanganya. Mama haoni vizuri. Ni mtoto wa jicho, macho yote mawili. Upasuaji ameandikiwa mwakani, foleni ni ndefu. Chai anamimina kwa kusikiliza sauti ya kikombe. Wateja wamebaki watatu, nao wanaleta nguo kwa huruma, na yeye anaijua ile huruma na inamkera. Amenikataza kumwambia mtu yeyote, na wewe kuliko wote. Mimi wiki tatu kati ya nne niko njiani na mawe yangu ya mizani. Usiku najiuliza kama ameangusha taa.

Sikukuwekea mtego, Mama Mkubwa. Nilikuwa natafuta mtu wa kukaa naye, na wewe ulikuwa unatafuta mahali. Nikapima pande zote mbili, zikalingana. Hiyo ndiyo kazi ninayoijua.

Sasa niambie ukweli. Kilitokea nini?

Mwanao

8 Novemba

Mwanangu,

Nakusalimu. Paka na wanawe nimewagawa. Nyumba ina mwangwi.

Nitaandika mara moja na usinijibu kwa haraka. Mwaka ule mama yako alifanya mtihani wa watu wazima. Alitaka cheti ili akafundishe ushonaji chuoni, walishamwahidi nafasi. Mimi nilikuwa kiongozi wa meza ya wasahihishaji. Mtungo ulikuwa “Mtu aliyenifaa maishani,” maneno mia tatu. Nikafungua karatasi moja isiyo na jina, kama zote, na kabla sijamaliza mstari wa kwanza nikaujua mwandiko. Nimemfundisha mwenyewe kushika kalamu.

Sheria inasema ukimtambua ndugu yako, unarudisha karatasi, anasahihisha mwingine. Nimewahi kuwaondoa wasahihishaji wawili mezani kwangu kwa kuivunja. Na mimi nikaivunja. Nilijiambia mimi si kama wale, mimi naweza. Nilitaka kujionyesha mwenyewe kwamba naweza. Kwa hiyo nikamkata alama kuliko ambavyo ningemkata mtoto wa mtu nisiyemjua, kila koma, kila kosa, ili nisije nikampendelea. Akapata thelathini na nane. Kufaulu ilikuwa arobaini.

Alikuwa ameandika kuhusu mimi, mwanangu. Kurasa nne. Alipofika neno la mia tatu nikapiga mstari, kama inavyotakiwa, na chini ya mstari hairuhusiwi kusoma. Sikusoma. Hiyo ndiyo sheria niliyoifuata siku ile, nikaiacha ile nyingine.

Majibu yalipotoka alikuja kwangu akasimama mlangoni. Akaniuliza, “Dada, ulisahihisha wewe?” Nikamjibu, “Siruhusiwi kusema.” Akaondoka. Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Nimeona aibu miaka kumi na moja, na aibu ikikaa muda mrefu mtu huanza kuiita msimamo.

Usidhani sikushtuka pale kwenye “akiudhika anafua.” Nilishtuka. Nikajiambia wanawake wa namna hiyo ni wengi, nikaendelea kuweka alama.

Nawezaje kuingia nyumba ile?

Mama yako mkubwa

15 Novemba

Shikamoo Mama Mkubwa,

Umesema nisijibu haraka. Nimekaa nayo siku mbili baada ya kuipata, nimeshindwa kukaa nayo ya tatu.

Nimekasirika, sitakuficha. Mama angekuwa mwalimu leo, na si wa kubahatisha. Nilikula ugomvi wenu mezani miaka yote hii nikidhani ni kitu cha watu wawili wakaidi. Nimekasirika, na bado nataka uje, yote mawili kwa pamoja, na sijui yanakaaje katika kifua kimoja.

Kumwambia siwezi. Hiyo barua ni yako na utaipeleka kwa mdomo wako. Mimi nimemwambia tu kwamba mpangaji ni mwalimu mstaafu. Akasema, “Mwalimu? Atatupanga mstari kwenda bombani.” Lakini jana nimemkuta anapapasa vyumba vya uani kwa ufagio, kona kwa kona.

Gari la mizigo nimelipangia tarehe thelathini. Nitakuwa njiani, mkoa wa mbali, kwa makusudi.

Mwanao

10 Desemba

Mwanangu,

Salamu kutoka uani. Maboksi yote tisa yamefika, moja limelowa. Mwalimu wa jiografia alinibebea mizigo mwenyewe mpaka kwenye gari, na mkewe akalia. Nimewaonea haya kidogo.

Nianze na malalamiko. Bomba halitoi Jumanne, sawa, lakini hukusema Jumatano linatoa tope. “Sauti ya kazi mchana” ni cherehani ya chuma yenye umri wako, na inatembea. Inaanzia dirishani asubuhi, jioni unaikuta mlangoni. Soko ni dakika kumi na saba. Nimeisahihisha upya nyumba hii kwa haki, swali kwa swali, imepata sitini na mbili. Imefeli. Nimeshafungua mizigo.

Sasa ya kwetu. Nilipofika alikuwa amekaa kwenye cherehani, akainua uso kuelekea kwangu bila kuniona. “Mpangaji?” “Ndiyo.” “Karibu. Mbona unahema, umekuja kwa mguu?” Nikasema, “Ni goti.” Mikono yake ikasimama juu ya kitambaa. Sauti ya mtu haioti mvi, mwanangu. Halafu akasema, “Chai iko jikoni. Mimina mwenyewe, mimi namwaga.” Nikamimina vikombe viwili. Mimi pia nilimwaga, na macho yangu ni mazima.

Siku tatu hatukusema zaidi ya bomba na chumvi. Siku ya pili alifua. Alifua mapazia, alifua magunia, alifua nguo zangu safi nilizokuwa nimetoka kuzitoa kwenye sanduku. Nilisimama pale nikimkamulia. Siku ya nne, alipomaliza chai, nikamwambia yote kama nilivyokuandikia wewe, bila kupunguza. Nikamwambia nilimwonea. Neno hilo sikuwahi kulisema kwa sauti, hata peke yangu. Nikamwambia naomba radhi.

Akatunga uzi kwenye sindano kwa kupapasa, mara nne, mara tano, sikuthubutu kumsaidia. Kisha akauliza, “Nilizidisha kiasi gani?”

“Kurasa tatu nzima.”

“Mimi na maneno! Na wewe uliishia wapi?”

“Pale uliposema nilikuvusha maji mgongoni ukiwa na homa.”

“Ah. Basi hukufika penyewe.”

Nikamwuliza penyewe palikuwa na nini. Nilimwuliza kama mwanafunzi, mikono nyuma. Miaka kumi na moja nimekuwa nikiamka na swali lile. Akageuza uso dirishani, akacheka kicheko chake cha zamani, cha puani.

“Miaka kumi na moja, dada! Hata jana nilipika nini sijui. Nitakumbuka wapi nilichoandika?” Akaupata uzi, akaukata kwa meno. “Kaa. Pengine nitakumbuka.”

Leo ni siku ya sita tangu aseme hivyo. Namsomea namba za futi, yeye anakata kitambaa. Wateja wawili wamerudi, na si kwa huruma. Hajakumbuka bado, na mimi simharakishi.

Mama yako mkubwa